Kadi ya Waridi

Mkono uliomshika Ghinwa bega mle stoo haukuwa wa Suhail dereva.

Najua wengi wenu mlishamtia Suhail pingu tangu Jumamosi iliyopita. Mama mmoja alinisimamisha sokoni, vitunguu vyake mkononi, akaniambia nimfunge haraka kwa sababu ana sura ya kihuni. Tulieni kwanza. Sura ya kihuni anayo, hilo sibishi.

Mkono ulikuwa wa Madam Hoda, mhasibu. Ndiyo, yule mwenye miwani ya mnyororo na rozari ndani ya droo. Tangu Ghinwa aanze kazi pale hajawahi kumsikia Madam Hoda akitaja kitu kikali kuliko limau.

"Ziache hizo," Madam Hoda alinong'ona. "Hizo za bluu ni za Suhail. Zina baruti nyingi, zitakung'oa bega. Ukitaka kujaribu, chukua za njano. Za njano ni zangu."

Ghinwa alibaki ameinama juu ya mkoba wa Suhail, risasi moja mkononi, mdomo wazi.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, nitamweleza haraka haraka, kisha asinisumbue tena. Vuli ya mwaka jana, Rayan, kaka yake Ghinwa, aliuawa kwa bunduki ya kuwindia ndege katika mashamba ya mizabibu ya Wadi Tut. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile. Bashir, rafiki yake Rayan na mchumba wa Ghinwa, alijipeleka mwenyewe kwa askari akilia. Alisema alikuwa ng'ambo ya pili ya shamba, akasikia majani yakitikisika, akafyatua. Basi yuko gereza la Zahle, na Alhamisi hii anasimama mbele ya jaji kukiri kosa.

Ila mama yake Ghinwa alipoletewa jaketi la marehemu, Ghinwa alikuta kitu ndani ya kola. Kadi ndogo ya duara, upana wa ukucha wa kidole gumba. Ni kizibo anachoweka mtu anayepakia risasi zake mwenyewe nyumbani, kutenganisha baruti na marisau, yaani vile vipunje vya risasi. Bashir hutumia risasi za dukani zenye kizibo cha plastiki. Alimwapia Ghinwa hivyo, na askari hawakukuta nyingine kwenye mkoba wake. Basi kadi ni ya mtu mwingine.

Na kadi ile ina nusu ya bawa la mbayuwayu, alama inayochapwa kwenye maboksi ya ghala moja tu la dawa, la Tarabay, mjini Zahle. Ghinwa akaenda kuomba kazi pale kwa jina la ukoo wa mama yake. Anamtafuta mwenye kadi ili amtoe mchumba wake gerezani. Haya, tumekutana.

"Wewe, Madam?" Ghinwa aliuliza. "Unapiga bunduki?"

"Tangu sijaota meno ya mbele. Baba yangu alimwomba Mungu mtoto wa kiume, akapewa mimi. Ulitaka anifundishe kufuma?"

"Na nani mwingine hapa kazini?"

Madam Hoda alicheka kwa pua. "Uliza nani hapigi, utapata jibu fupi."

Ghinwa alirudisha risasi mkobani. Alikuwa na uhakika kwamba akishaona kadi zenye bawa la mbayuwayu ndani ya mkoba wa Suhail, kazi imekwisha. Sasa mhasibu mwenye rozari anamwambia na yeye anazo.

"Njoo uani," Madam Hoda alimvuta mkono. "Leo Jumatatu. Abu Fadi keshawasha makaa. Umeshaingiza pua stoo, kula nasi basi, maana asiyekula nasi tunamwogopa."

Uani, nyuma ya rundo la mbao za kubebea mizigo, Abu Fadi alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko na mishikaki ya ndege wadogo. Abu Fadi ni mtunza ghala, mzee wa tumbo na sharubu nyeupe. Ndiye aliyempokea Ghinwa siku ya kwanza akamgawia nusu ya mkate wake wa zaatari, ule wa majani makavu na ufuta. Suhail alikaa juu ya kreti akimenya kitunguu saumu na kuimba vibaya.

"Umemleta mgeni," Suhail alisema. "Huyu anajua ibada?"

"Atajifunza," Madam Hoda alijibu.

Hapo ndipo Ghinwa alipoelewa, na mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka hadi nikakohoa. Ghalani kuna tangazo la meneja, Ustadh Maroun, kwamba bunduki ni marufuku kwenye magari ya dawa, na atakayesikika akizungumzia uwindaji saa za kazi atatafutiwa barua ya kwaheri. Basi watu wale walikuwa na lugha yao. "Ulikwenda kanisani jana?" "Nilikwenda, ibada ilikuwa nzuri, waumini walikuja kundi zima kutoka kaskazini." Maskini Ghinwa alikuwa amemwambia mama yake kwamba anafanya kazi na watu wacha Mungu.

"Kaa, binti yangu," Abu Fadi alisema, akimwekea mshikaki kwenye kipande cha mkate, juu yake shira ya komamanga. "Unakula na mifupa. Usiwe na aibu. Ukikuta kipunje, tema pembeni."

Ghinwa alitafuna. Mifupa ilivunjika midogo midogo. Ulimi wake ukagusa kitu kigumu cha duara, akakitema kwenye sahani kikalia. Alikitazama. Vipunje vya namna ile ndivyo daktari alivyovitoa shingoni mwa kaka yake.

"Huyo ni wangu," Suhail alisema kwa fahari. "Nilimdungua akiwa juu kabisa."

"Ulimdungua akiwa amelala," Madam Hoda alimjibu. "Nilikuwa nyuma yako. Ulimwamkia kwanza."

Wakaangua kicheko, na kicheko kikafa ghafla. Mlango wa chuma ulifunguka. Ustadh Maroun alitoka, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni.

Suhail alikalia mishikaki. Msiniulize kama ilikuwa ya moto. Madam Hoda alitoa kitambaa akajifanya anafuta miwani. Abu Fadi hakusogea, alikuwa mzito wa kukimbia.

Ustadh Maroun alitembea polepole hadi kwenye jiko. Akainama, akanusa. Akachukua ndege mmoja kwa vidole viwili, akamtia kinywani mzima, akatafuna huku macho yake yako angani. Kisha akatema kipunje kwenye kiganja, akakigeuza geuza.

"Abu Fadi," alisema. "Hiki ni kidogo mno. Za kwangu nilikwambia utie vikubwa kidogo. Jumapili nimekosa njiwa watatu kwa sababu yako."



"Ustadh," Suhail alisema, akiinuka taratibu na mishikaki imemganda kwenye suruali. "Na wewe?"

"Tangazo waliniandikisha wakubwa wa Beirut. Mimi nina ibada zangu. Toa hiyo mishikaki huko nyuma, sitaki kula kitu ulichokikalia."

Safari hii walicheka hadi machozi. Madam Hoda alijipiga mapaja. Meneja na wafanyakazi wake walikuwa wamefichana miaka yote, Abu Fadi peke yake akijua pande zote mbili, na wote wanakwenda kwenye vilima vilevile.

Ghinwa alicheka nao kwa meno tu. Ndani alikuwa anaogopa. Alikuja kutafuta mtu mmoja mwenye bunduki, na sasa bunduki ziko mikononi mwa kampuni nzima. Mhasibu anayempa pipi za mnanaa. Meneja aliyemruhusu kuondoka mapema mama yake alipougua. Mmoja wa watu hawa wanaomlisha kwa mikono yao ndiye aliyemwacha Rayan kwenye matope akaenda zake. Aliwatazama midomo yao inang'aa mafuta, akashindwa kumchukia hata mmoja, na hilo lilimtia uchungu zaidi.

Akajikaza. Alhamisi haimsubiri mtu.

"Risasi zenu anawapakia nani?" aliuliza, akijifanya mshamba.

"Nani mwingine?" Madam Hoda alimwonyesha Abu Fadi kwa kidevu. "Za dukani siku hizi bei yake utadhani zina dhahabu ndani. Huyu mzee anaokota maganda matupu, anayajaza upya. Kadi anakata kwenye maboksi yaliyochanika."

"Kila mtu na rangi yake," Abu Fadi alisema, naye akanogewa, maana hakuna mtu asiyependa kuulizwa kuhusu kazi ya mikono yake. "Bega la Hoda si bega la Suhail. Nikiwapa baruti sawa, mmoja ataumia na mwingine atalalamika. Basi Suhail namkatia kadi za bluu, boksi la dawa ya presha. Hoda njano, za vitamini. Ustadh kijani, za tumbo. Hata zikichanganyika kwenye mkoba, ukifungua moja ukaona kadi, unajua hii ya nani."

Ghinwa aliuvuta mkoba wake karibu. Miezi yote hii alitafuta mtu, kumbe rangi peke yake ilitosha. Ndani ya kikopo cha poda, kwenye mkoba wake, kadi ilikuwa inamngoja. Haikuwa ya bluu. Haikuwa ya njano wala kijani.

"Na waridi?" aliuliza. "Ni ya nani?"

Kitunguu saumu kilimponyoka Suhail.

Ustadh Maroun aliweka mkate chini. Madam Hoda alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Walitazamana wote watatu, kisha wakamtazama Abu Fadi, na Abu Fadi akayatazama makaa.

"Nani kakwambia kuna waridi?" Suhail aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepoteza mzaha wote.

"Hakuna. Nimeuliza tu. Naona maboksi mengi ya waridi mle ndani. Dawa ya kikohozi cha watoto."

"Hakuna waridi," Ustadh Maroun alisema, akasimama na kukung'uta makombo kwenye tai. "Chakula kimekwisha. Turudi kazini."

Wakatawanyika kimya kimya. Suhail alimpita Ghinwa karibu sana, akamwinamia. "Dada, mimi nakuheshimu. Hilo swali usimuulize mtu mwingine hapa," alisema, akaenda kuwasha gari.

Sasa nyie wa sokoni mtasema, si tulikwambia Suhail? Subirini.

Ghinwa hakurudi kwenye meza yake. Alimfuata Abu Fadi stoo, akafunga mlango kwa mgongo wake. Mzee alikuwa anahamisha maboksi kutoka rafu moja kwenda nyingine bila sababu yoyote.

"Abu Fadi. Nitazame."

"Nina kazi, mwanangu."

"Mimi ni dada yake Rayan. Rayan wa Wadi Tut."

Boksi lilimtoka mzee mikononi. Alikaa juu ya jingine, nalo likabonyea. Alimkazia macho Ghinwa kwa muda, akitafuta usoni mwake kitu, na nadhani alikipata.

"Una pua yake," alisema. "Mungu wangu. Miezi yote hii nakulisha mkate na sijaiona pua."

Ghinwa alifungua kikopo cha poda, akatoa kadi, akaiweka kwenye kiganja cha mzee. Waridi yake ilikuwa imefifia, na upande mmoja umeungua mweusi. Bawa la mbayuwayu lilionekana wazi.

"Hii ni kazi yako?"

Abu Fadi aliigusa ukingoni kwa kucha. "Yangu. Umeitoa wapi?"

"Ndani ya kola ya jaketi alilovaa siku ile."

"Ndani ya kola?" Mzee aliinua kichwa haraka. "Una hakika? Haikuokotwa chini shambani?"

"Niliichomoa kwa mkono wangu. Ilikuwa imegandia na damu."

Abu Fadi alimrudishia kadi. Kisha akasema polepole, "Binti yangu, kadi si risasi. Marisau yanakwenda mbali. Kadi ni jani tu, haina uzito, ikitoka kwenye mtutu inapepesuka na kuanguka. Haiwezi kuvuka hata uwanja ule tulipokuwa tunakula. Kama iliingia kolani, aliyempiga alikuwa karibu naye. Karibu sana. Alikuwa anamwona uso."

Na Ghinwa wangu akafurahi. Ndiyo, alifurahi, na msimlaumu, nani kati yenu hangefurahi. Alimshika mzee mikono yote miwili.

"Basi si Bashir," alisema, machozi yanamtoka. "Bashir alikuwa ng'ambo ya shamba. Kasema mwenyewe, askari wameandika. Kama mtu alisimama karibu, ni mwingine. Utasema hivyo mbele ya jaji, Abu Fadi? Alhamisi. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Sema tu waridi ni ya nani."

Mzee alimtazama kama mtu anayetazama mtoto anayekimbilia barabarani.

"Bashir ni nani yako?" aliuliza.

"Mchumba wangu."

"Wewe ndiye huyo mchumba." Abu Fadi alifumba macho. "Alinambia mchumba wake anachukia bunduki. Aliniomba nisimtaje kwa mtu, kwamba ukisikia anapakiwa risasi za kienyeji, utavunja uchumba."

Ghinwa aliachia mikono ya mzee.

"Bashir hatumii risasi zako," alisema. "Bashir hajafika hapa. Hamjui mtu yeyote Zahle."

"Suhail alikutana naye kilimani, akamleta. Nilimpakia msimu ule mmoja tu. Nikamkatia waridi kwa sababu ndiyo boksi lililokuwa limebaki. Hakuna mtu mwingine niliyempa waridi, mwanangu, si kabla, si baada. Tuliposikia habari, sote tulijua ni yule kijana; Ustadh nilimnong'oneza mimi. Tukafunga midomo. Mimi napakia bila kibali, kadi za mali ya watu. Nilijiambia, ukungu ni ukungu, alipiga bila kuona, kama risasi ni yangu au ya dukani aliyekufa ndiye huyohuyo. Sikujua habari ya kola. Wallahi sikujua."

Nje, Suhail alipiga honi ya kuaga. Ghinwa alisikia honi ile, akasikia na friji za dawa zikivuma ukutani. Alikuwa ameinyima familia yake usingizi kwa ajili ya kadi ile. Alikuwa amemwambia mama yake, tena kwa ukali, kwamba Bashir ataingia tena nyumbani kwao na ataombwa radhi.

"Labda alimwazima mtu," alisema hatimaye. "Porini watu huazimana risasi. Mtu kaishiwa, kaomba, Bashir kampa. Si hutokea?"

"Hutokea," Abu Fadi alikubali, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ubishi.

"Siku alipochukua hizo risasi, alikuja peke yake?"

"Alikuja na kijana mwenye pua kama yako. Yeye hakushuka garini. Walikuwa hawasemezani."

Ustadh Maroun hakumuuliza Ghinwa anakwenda wapi. Alimpa ruhusa kabla hajamaliza kuomba, macho yake yako kwenye karatasi, masikio mekundu.

Gerezani, siku ya wageni, watu huongea kupitia nyavu mbili za chuma zenye upenyo katikati, kila mtu anapiga kelele ili wake amsikie. Mama mmoja alikuwa anamweleza mwanawe habari za mbuzi. Ghinwa alijibanza kwenye kona. Njia nzima alikuwa amejiambia jambo moja. Hatamtajia rangi. Hatataja ghala. Bashir anajua Ghinwa ameajiriwa duka la vitambaa, na aendelee kujua hivyo. Atamwambia kuna kadi, basi, kisha atamtazama uso. Mtu anayetumia risasi za dukani atauliza kadi ni kitu gani. Ataruka. Atamshukuru Mungu. Na kama alimwazima mtu risasi, atakumbuka palepale na kumtaja. Ghinwa alikuwa anaomba iwe hivyo, aliomba kwa nguvu hadi taya zikamuuma.

Bashir alikuja amekonda, nywele zimekatwa vibaya. Alipomwona alitabasamu lile tabasamu la upande mmoja, na Ghinwa alimpenda vilevile kama siku zote. Hilo ndilo lililomtisha.

"Umekuja Jumatatu," Bashir alisema. "Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima. Umeamua kukiri Alhamisi?"

"Nitasema kilichotokea. Ukungu, roho yangu. Kila usiku nausikia ukungu ule. Nimemuua ndugu yangu bila kumwona, wacha wanifunge."

"Huenda si wewe."

Bashir alinyanyua uso.

"Nimepata kitu," Ghinwa alisema. "Kwenye jaketi la Rayan, ndani ya kola. Kadi ndogo ya duara, ya risasi za kupakia kwa mkono."

Akangoja. Mama wa mbuzi alikuwa anacheka pembeni. Bashir hakuuliza kadi ni kitu gani. Hakuruka, hakumshukuru Mungu. Vidole vyake vilipenya kwenye matundu ya nyavu na kushika chuma hadi kucha zikawa nyeupe.

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna. Nimekuja kwako kwanza."

"Vizuri. Vizuri sana." Alilamba midomo. Aliangalia askari, akaangalia sakafu, kisha akasogeza uso karibu na kuuliza kwa sauti ya chini kadiri kelele zilivyomruhusu, "Ghinwa, ya rangi gani?"

Ghinwa alishika ukuta. Uso wake, sijui aliupata wapi, ulitulia.

"Bluu," alisema.

Bashir alifumba macho. Pumzi ndefu ilimtoka, ya mtu aliyetua gunia. Aliegemeza paji la uso kwenye nyavu, akakaa hivyo, na alipofumbua macho yalikuwa na machozi na tabasamu lilikuwa limerudi.

"Bluu ni za Suhail," alisema. "Dereva wa ghala moja la dawa, nitakueleza pa kumpata. Mpelekee jaji kesho asubuhi, roho yangu. Usingoje Alhamisi."

"Nitampelekea," alisema Ghinwa.